Nusu Kibuyu ya Kulwa

Usiponiamini sitakulaumu, maana hata mimi ningesimuliwa na mwingine ningecheka. Lakini benchi lenyewe lipo hapa kibandani kwangu, nje kidogo ya Katoro, na wachimbaji waliokuwepo jioni ile bado wanakula kwangu. Waulize.

Mimi ni mama ntilie, napikia watu wa dhahabu. Ni mzaliwa wa pili wa mapacha, kwa hiyo jina langu si siri: kwetu Usukumani wa kwanza ni Kulwa na wa pili ni Doto, hakuna ubishi. Nyumbani ni upande wa Songwa. Katika ukoo wetu mapacha wakizaliwa, bibi hupasua kibuyu kidogo katikati, na kila mtoto hunyweshwa dawa yake ya kwanza kwa nusu yake. Nusu hizo hutunzwa. Pacha mmoja akifa, mwenzake haambiwi kwa mdomo wala kwa simu. Anapelekewa nusu yake mwenyewe, basi, anajua. Anarudi nyumbani, na kabla watu hawajanyoa nywele za msiba, anakalishwa kaburini, wazee wanaivunja ile nusu mbele yake na kumwambia, "Tangu leo wewe ni mmoja." Asipoambiwa hivyo, hata aishi miaka mia, hajawa mmoja.

Sasa sikia ujinga wangu. Mimi na Kulwa tulikaa miaka sita bila kusemezana. Mama alipofariki nilichelewa kufika, na Kulwa ndiye aliyemuuguza peke yake. Akasema mbele ya waombolezaji, "Mgeni apewe kiti." Neno lile lilinichoma. Nikaondoka, nikabadilisha namba ya simu, nikawaambia ndugu nahamia Chato, kumbe nakuja zangu huku. Nikajiapiza sitamsemesha mpaka aanze yeye. Na yeye je? Tumetoka tumbo moja, unadhani alikuwa na kichwa laini?

Jioni hiyo, Jumatatu, jua lilikuwa bado halijazama. Nilikuwa nimeinama nakwangua ukoko. Masanja, mchimbaji anayekula kwangu kila siku, akaingia na kumwita mtu aliyekaa benchi la mwisho.

"Mama Neema, mbona umekaa kwa wateja leo? Nipe ugali basi."

Mama Neema ni mimi. Nikaitika kutoka jikoni. Masanja akanitazama, akalitazama tena benchi. "Kumbe mko wawili," akasema.

Nikainua macho kidogo. Mwanamke alikuwa amejitanda kanga, amenipa mgongo. Mgongo ule niliujua. Bega la kushoto limeshuka kidogo, kama langu.

"Kuna michembe?" akauliza.

Nani anaulizia viazi vikavu machimboni? Hicho ndicho chakula tulicholelewa nacho sisi. Niamini, moyo ulinidunda kwa furaha. Amekuja, nikajiambia. Amekuja mwenyewe. Lakini kiburi kikanishika ulimi. Nilitaka anitaje jina kwanza. Nikajibu bila kugeuka, "Hakuna."

"Basi maji."

Nikamwambia Masanja ampelekee jagi. Alikunywa, akakaa. Mimi nikaendelea kukwangua sufuria iliyokwisha kung'aa, nikimngoja aseme Doto. Naye nadhani alikuwa akiningoja mimi. Nilipokuja kugeuka, jua limezama, benchi liko tupu, na mezani kuna nusu ya kibuyu imelazwa kifudifudi.

Sikuogopa. Nilikasirika. Nikaona dada yangu, mzima wa afya, amesafiri njia yote ile ili aniachie alama ya kifo. Kwamba nimhesabu amekufa. Kuna tusi gani kubwa kuliko hilo kwa mtu mliyezaliwa naye pamoja? Nikaisukumia chini ya gunia la mkaa, nikafunga kibanda. Nililia sana nilipofika nyumbani, na bado nikajisifu kwamba sikugeuka.

Siku ya saba akatokea mjomba, kaka yake mama, vumbi hadi kwenye kope. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitika. Akafungua kitambaa, ndani mna nusu ya kibuyu.

"Hiyo ninayo, mjomba," nikamwambia. "Kulwa aliileta mwenyewe wiki iliyopita."

Nikaichomoa chini ya gunia nikampa. Akaziweka pamoja, zikakutana kingo kwa kingo. Akaziachia juu ya meza.

"Niliyoleta ndiyo yako, mwanangu," akasema. "Hii nyingine ni ya mwenzako. Niliiweka kifuani mwake mimi mwenyewe kabla hatujamfunika udongo. Tulimzika Jumatatu, saa tisa."

Akaongeza kwamba Kulwa aliugua siku chache tu, na zote alikuwa akiulizia habari zangu.

Mjomba alinitafuta Chato siku nne kwa sababu ya uongo wangu, mpaka mama mmoja wa sokoni akamwelekeza huku. Nyumbani walingoja hadi siku ya tano, wakanyoa bila mimi. Ningepanda basi asubuhi ya Jumanne, ningewahi.

Nilikwenda baadaye, nikakaa kaburini. Wazee wakakataa. Wakishanyoa, wakasema, haivunjwi tena. Padri aliniombea nami nikamshukuru, lakini nusu zote mbili bado ziko rafuni kwangu. Sijawa mmoja, na wawili hatupo. Hujui upweke wa namna hiyo, na nakuombea usiujue. Benchi la mwisho halikaliwi. Hata mteja mgeni, ambaye hajasimuliwa lolote, huniuliza, "Pale pana mtu?" Nami humjibu ndiyo.

Kwa hiyo wewe uliyenuniana na nduguyo, usingoje aanze. Akija akakupa mgongo, zunguka ukamtazame usoni. Mimi siku hizi jua likishuka naweka michembe kwenye sahani, naipeleka benchi la mwisho, na ninaanza mimi. "Mwadila, Kulwa," namwambia. Ndiyo salamu yetu ya jioni, hata mtoto mdogo huiitikia. Yeye bado hajaitika.