Mama Mkwe na Kiyoyozi Changu

Gari langu la umeme lilifika Nachingwea limepakiwa juu ya lori, maana kwa betri yake ya mtumba lisingetoka Dar es Salaam likafika kwetu. Hilo sikulitangaza. Nilichotangaza kwenye kahawa ni kwamba mimi na vituo vya mafuta ndiyo basi tena. Usiku nililichaji nyumbani, na asubuhi dashibodi ilinionyesha kilomita mia moja na zaidi. Niliziamini kana kwamba zimo kwenye dumu.

Basi mjukuu wa mama mkwe alipopata mchumba, na ndoa ikapangwa Likunja, huko Ruangwa, baada ya sala ya adhuhuri, nilijitolea kumpeleka mama. Bibi harusi alilelewa naye, na alishaapa hatoki chumbani mpaka bibi yake amvalishe kwa mkono wake. Mama mwenyewe alitaka kupanda basi. Miaka yote ya ndoa yangu tulisalimiana kwa kuinamisha macho, mimi na yeye, na ndiyo heshima yenyewe. Lakini siku hiyo nilitaka aone kwamba binti yake hakuolewa na mtu wa hovyo. Mke wangu, kabla ya kutangulia Likunja, alimbembeleza hadi akakubali.

Alikaa nyuma, kajifunika kanga, pamoja na gunia la mchele, kuku, na kinu kipya cha bibi harusi. Nikawasha kiyoyozi hadi mwisho, mkwe asije akatoka jasho ndani ya gari langu. Nikakanyaga. Nililipita lile basi alilotaka kupanda, na nakiri nilipiga honi.

Kilomita zikaanza kupukutika. Tukienda kumi, zinapungua ishirini. Ndipo nilipoelewa, kwa kuchelewa kama kawaida yangu, kwamba ile namba ni makisio tu, na gari lilikisia kwa mwendo wangu wa jana: peke yangu, taratibu, hadi sokoni na kurudi. Leo mwendo wa kasi ulikula betri, vilima vikala, gunia na kinu vikala, na kiyoyozi kikala kupita vyote. Mwendo niliupunguza. Kumshusha mkwe na kinu chake nisingeweza. Kuzima kiyoyozi kwenye jua lile niliona ni kumvunjia heshima.

Tulipoingia kwenye mchanga, mbele ya Ruangwa, mambo yaliharibika kabisa. Zilibaki kilomita nane, na njia niliikadiria kumi. Mzee wa baiskeli alitupita akatupungia mkono. Adhana ikasikika. Nikasimamisha gari.

"Mama, nisamehe," nikasema bila kugeuka. "Umeme unaisha. Hatufiki."

Akauliza, "Hiki kinachopuliza baridi, nacho kinakula umeme?"

"Kinakula sana, mama."

"Sasa si ukizime, mkwe! Mie nimeganda toka Nachingwea."

Niligeuka. Alikuwa amejifunga kanga tatu, na kuku kampakata apate joto.

"Mbona hukusema, mama?"

"Ningesemaje, na wewe mkwe wangu? Nikajua ndivyo gari lenyewe linavyokwenda."

Nilizima. Namba ikapanda hadi kumi na moja. Tukafungua madirisha, vumbi na joto vikaingia, naye akashusha pumzi ndefu ya raha. Tulitambaa hivyo, mimi nikiomba kimoyomoyo kila tulipokutana na mchanga.

Tulifika sala imekwisha, wanaume wamekaa mkekani, bibi harusi kajifungia analia. Mama aliteremka akaingia chumbani moja kwa moja, na baada ya muda vigelegele vikalipuka. Nilibaki nimeegemea gari.

Alipotoka nje, alinishika mkono mbele ya wanawake wote, kitu ambacho hakijawahi kutokea, akawaambia, "Mwanangu huyu nusura aniue kwa baridi!"

Walicheka hadi wakashika mbavu. Nami nilicheka, kisha nikageukia gari nikajifanya nakagua tairi, kwa sababu machozi yalikuwa yananitoka. Alikuwa hajawahi kuniita mwanangu.