Skrubu Iliyokaa Juu ya Rangi

Nakumbuka Alhamisi moja asubuhi, mwanangu, nimelala chali chini ya pikapu ya Mzee Salimu pale Ukunda, navuta nyaya. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na niliiamini mikono yangu kupita kiasi. Mzee Salimu alikuwa akinunua makuti Msambweni na kuyapeleka kwenye nyumba za wageni za Diani na Tiwi. Wiki hiyo alikuwa amepata tela, akataka iwekewe taa: nyaya zipite kwenye bodi ya nyuma ya pikapu, zitokee katika soketi kando ya ndoano ya kuvutia.

"Rama, waniweka kama bwana harusi mlangoni," alisema, ameketi juu ya gurudumu kuukuu.

"Subira, mzee wangu. Bibi harusi bado apakwa hina."

Akacheka. Kicheko chake bado nakisikia.

Katika nyaya za tela kuna mmoja unaorudisha umeme kwenye chuma cha gari. Sisi mafundi twauita eathi. Usiposhika chuma sawasawa, taa zote za nyuma ni vioo tu. Fundi Mbwana, Mungu amrehemu, aliyenifundisha kazi, alitaka rangi ikwanguliwe kwa msasa mpaka chuma king'ae, waya ukazwe hapo, kisha papakwe grisi. Pwani yetu hewa yenyewe ina chumvi. Inaingia kwenye kila mwanya, na kutu haikawii.

Niliitazama ile rangi nyeupe, mpya, nikaona uvivu. Mteja alikuwa akisubiri. Nikaikaza skrubu juu ya rangi vile vile, nikawasha. Taa zikawaka zote, nyekundu na za manjano, nikajiona bingwa.

"Umekwangua?" Fundi Mbwana aliuliza bila kuinua kichwa, alikuwa akimenya muhogo wake.

"Nimekwangua, fundi."

Maneno mawili tu, mwanangu.

Miezi miwili baadaye, mchana kweupe, Mzee Salimu alikuwa akikata kona kulia kuingia Tiwi, makuti yamejaa mpaka taa za pikapu yenyewe hazionekani. Zilizobaki kumwonya aliye nyuma ni za tela. Mwalimu Nyamawi, aliyefundisha shule ya msingi huko huko Tiwi, alikuwa akimpita kwa pikipiki. Hakuona taa yoyote. Walimwokota chini ya tela, mguu umevunjika pawili.

Habari zilinifikia gereji, nikaikumbuka ile skrubu. Kesho yake nikaenda ilikokuwa pikapu, uani kwa Mzee Salimu. Hakukuwa na mtu. Skrubu niliikuta imevaa kutu, inacheza. Sikumwita mtu. Nilitoa msasa mfukoni, nikakwangua, nikakaza, nikapaka grisi. Kazi niliyopaswa kuifanya miezi miwili nyuma niliifanya siku hiyo, vizuri kabisa, kwa hofu.

Sikuwaza matokeo yake. Niliwaza nafsi yangu tu.

Mwalimu Nyamawi alipotoka hospitali, wazee wa pande mbili waliitana barazani kwa Mzee Salimu baada ya swala ya alasiri, wapatanishe. Fundi Mbwana aliitwa kama mjuzi wa magari, nami nikaandamana naye. Mwalimu alikuja na magongo yake na shemeji yake.

"Shikamoo, mzee," alimwamkia Mzee Salimu.

"Marahaba, mwalimu. Mguu wasemaje?"

"Wasema indiketa haikuwaka."

"Niliiwasha, mwanangu. Naisikia masikioni mpaka leo, tik, tik, tik."

"Mimi kitabu changu si chako, mzee, lakini niko tayari kuapa. Sikuona taa."

"Nami niko tayari. Lete msahafu."

Yakawa makelele. Shemeji mtu akasema, "Mwongo mmoja kati ya hawa atakula kiapo cha moto!" Kumbe wote wawili walikuwa wakisema kweli, na kilichokuwa katikati yao ni skrubu yangu. Mzee mmoja akataka tela ijaribiwe kwanza. Wakawasha.

Taa zikawaka zote, nyekundu na za manjano.

Mzee Salimu alizitazama zile taa. Alikuwa na miaka sabini, na hakuna aliyewahi kumwita mwongo. Akashusha mkono aliokuwa ameunyoosha kupokea msahafu.

"Basi pengine nilisahau," alisema polepole. "Umri huu. Pengine ile sauti niliisikia kichwani mwangu tu. Mwalimu, nisamehe." Akatoa ufunguo wa gari mfukoni, akamkabidhi mwanawe, aendeshe yeye.

Mwanangu, nimeona damu na nimeona misiba. Sijaona kitu kilichoniuma kama kumwona mzee wa watu akianza kutoyaamini masikio yake mwenyewe kwa sababu yangu. Nilisimama.

"Hakusahau. Ni mimi." Nikasema yote, rangi, skrubu, msasa wa siri.

Shemeji aliruka anishike shati. Mwalimu akamzuia kwa gongo. "Mwache amalize," alisema. Kisha akalia, mtu mzima yule.

Fundi Mbwana hakunipiga wala hakunitukana. Njiani kurudi ndipo aliponena: "Rama, kuiweka ile skrubu vibaya, hilo ni kosa la mikono, na mikono nitaifundisha tena. Lakini kwenda kuitengeneza kwa siri, ukamwacha mwenzio asimame peke yake, hilo sina msasa wake. Utalikwangua mwenyewe."

Mwalimu Nyamawi alinisamehe, ila mguu haukukunjika tena. Mzee Salimu alirudishiwa ufunguo wake. Lakini mpaka alipofariki, kila alipokata kona aliwasha indiketa, na bado akautoa mkono wote nje ya dirisha, akaupungia barabara. Watoto wa pale Kona ya Musa, kando ya barabara, walidhani anawasalimu, wakampungia nao. Mimi nilijua ni nini.

Kwa hiyo wewe uliyeniletea nyaya zako leo nikufundishe kazi, kwangua rangi. Kwangua hata kama mteja anagomba, hata kama taa tayari zinawaka. Ukiulizwa kama umekwangua na hukukwangua, sema hukukwangua. Na siku kazi yako itakapomdhuru mtu, maana siku hiyo huenda ikaja, usitangulie na msasa. Tangulia na ulimi wako, kabla mtu mwingine hajalibeba kosa lako.

Mola akubarikie mikono, akuepushe na kosa la kufichwa, na kila atakayesafiri nyuma ya kazi yako afike kwake salama. Amin.