Kigingi Nambari Kumi na Saba

Serikali imetangaza, kwa taarifa iliyobandikwa mlangoni kwa chifu, kwamba matarajio ya kijiolojia ya kuchimba kisima cha majaribio cha mafuta na gesi ni ya kutia moyo, na kwamba vigingi vyote vya awali vilivyopigwa na watafiti miaka sita iliyopita vingali imara.

Akiteng aliomba asomewe mara mbili. Kigingi nambari kumi na saba kiko shambani mwake, nje kidogo ya Malaba, kati ya mtama na mwamba. Aliyekigongomea ni mumewe, Emorut, kibarua wa watafiti hao. Walipoelekea kaskazini, aliondoka nao.

"Mtambo wa kuchimba utaanzia hapa," Emorut alimwambia siku ya kuondoka. "Ukija, nami nimekuja. Kichunge."

Akakichunga. Ng'ombe wa jembe walikizunguka kwa adabu. Na kila wanaume walipokizingira chungu cha ajon, pombe yao ya wimbi, mrija mrefu wa Emorut uliegemezwa kwenye nafasi yake, umeoshwa, haujaguswa.

"Shemeji, huyo ananyonya mafuta huko," alisema Ikapel, mdogo wake Emorut. "Atakumbuka wimbi kweli?"

"Wewe nyonya yako. Na usogee, umemkalia."

Juzi akaja mtaalamu aitwaye Zephaniah, na chombo cha kupimia kwa satelaiti. Akainama, akapima, akatabasamu.

"Mama, hakijasogea hata kidole!"

"Sasa boss, mtambo unakuja lini?"

"Hapa? Hapana, mama. Chini hapa ni mwamba mtupu. Mafuta hukaa kwenye matabaka ya mchanga na tope la kale, huko mbali. Hapa walirekebishia mitambo ya kupimia tu, kwa vile hapatikisiki."

Akiteng aling'oa gugu lililoota kando ya kigingi.

"Na wale wa kwanza, wako wapi?"

"Kile kikosi? Kilivunjwa mwaka uleule. Kila mtu akaenda kwao."

"Emorut kwao ni hapa," alisema Akiteng.

Fomu ya Zephaniah haikuwa na safu ya kuandikia hilo. Aliandika: *Nambari 17, kigingi cha awali, imara.* Akaaga.

Kigingi hicho ni cha nne. Cha kwanza mchwa walikimaliza kabla ya mvua ya pili. Vilivyofuata Akiteng alivichonga mwenyewe, akavichomeka katika shimo lilelile, nambari akaiandika kwa mkaa. Cha tano kinakauka nyuma ya jiko.