Yungiyungi la Bwawa la Kitahana

Nilitoka Kitahana siku ya Alhamisi kwa hasira, sitaki kudanganya mtu. Jana yake mwenyekiti wa kamati yetu ya maji alitangaza kwamba maua ya buluu yaliyojaa bwawani ni gugumaji, na Jumamosi yatapigwa dawa ya kuua magugu. Maji ya bwawa hilo yanashuka kwenye chemchemi yetu, na maji ya chemchemi ndiyo ninayompikia uji mwanangu Zawadi, mwenye miezi minane. Nikasema hayo ni mayungiyungi, yapo tangu bibi zetu. Akanipungia karatasi yenye picha ya gugumaji, fotokopi ya fotokopi: ua jeusi juu ya jani jeusi.

"Mama Zawadi, kanyonyeshe mtoto," akasema. "Ukiniletea barua ya mtaalamu, yenye muhuri, nitasimamisha."

Saa kumi na mbili asubuhi niliingia bwawani hadi mapajani, nikakata ua moja na bua lake refu, nikalitia kwenye ndoo ya maji. Jua lisije likaliunguza, nikafunika ndoo kwa jani lake. Zawadi mgongoni, ndoo kichwani, nikaondoka.

Kibondo mjini, mlinzi wa ofisi ya kilimo hakunizungusha: "Afisa wa mimea yuko Kasulu wiki hii, dada. Anakagua vitalu vya miche." Ng'ambo ya barabara, Mzee Salumu mwenye duka la vitenge alikuwa anawasha pikapu kwenda huko huko.

"Panda, binti yangu. Kwenye ndoo una samaki?"

"Ua, mzee."

"Moja? Toka Kitahana? Basi huyo bwana wa Kasulu ana bahati!"

Nilicheka, nikashangaa kwamba bado naweza kucheka.

Njiani, migomba na mashamba ya mihogo yalipita, mimi macho ndani ya ndoo. Kufika mchana, ua likaanza kujikunja. Tulipoingia Kasulu lilikuwa limefumba kama ngumi ya mtoto. Nikajiambia, kwisha habari yangu. Nani atalitambua hivi?

Kasulu, saa tisa. Afisa alikuwa mama wa makamo, Bi Anastazia, ameinama kwenye miche. Nikamwaga yote pale pale: mwenyekiti, dawa, uji wa mtoto. Akajifuta udongo, akapiga makofi polepole, namna tunavyosalimiana sisi Waha. Aibu ikanishika. Hata hodi sikupiga! Nikapiga magoti, nikapiga makofi, tukaanza upya.

"Nyumbani wazima?"

"Wazima, mama."

"Mihogo?"

"Imeshika."

"Mvua?"

"Inanyesha."

"Na hasira?"

"Hiyo ndiyo imestawi kuliko vyote."

Akacheka mpaka Zawadi akaamka. "Haya, nione."

Kufumba hakukumsumbua; alisema ndiyo desturi ya ua hilo mchana ukisogea. Akalifumbua kwa kucha, akaniambia nihesabu petali. Nyembamba, zenye ncha. Nikafika kumi na tano, na bado. "Gugumaji lina sita, na ya juu ina doa la njano. Tena maua yake hukaa mengi kwenye shina moja. Hili limesimama peke yake." Akakata bua kwa wembe: laini, lina matundu ya hewa ndani. Bua la jani la gugumaji, akasema, huvimba kama kibofu, ndilo linalolifanya lielee. Kisha akashika kifuniko changu cha ndoo. "Huyu ndiye shahidi wako, mwanangu." Jani la mviringo, lina mpasuko mmoja toka ukingoni hadi katikati. La gugumaji halina.

Aliandika barua. Muhuri ulilia mezani, *gwa!* Nikalala kwake, Ijumaa nikarudi.

Jumamosi asubuhi, bwawani. Mwenyekiti alikuwa na pampu mgongoni, bado tupu. Nilisoma barua kwa sauti, watu wote wakasikia.

"Labda ni bwawa lingine hilo," akasema.

"Ingia basi! Gugumaji linaelea, ukilivuta linakuja na mizizi yake. Vuta hilo."

Akatua pampu, akavua viatu, akavuta. Bua likaenda chini, chini, mpaka kwenye tope. Akavuta kwa mikono miwili. Likakatika, akaketi majini, chwaa! Kina mama wakapiga vigelegele. Aliinuka na jani mkononi, akapitisha kidole kwenye ule mpasuko, mara mbili.

"Limepasuka," akasema taratibu. "Dawa irudishwe dukani."

Nimejifunza kwamba ua halijulikani kwa rangi. Shika jani, kata bua, hesabu petali, ndipo useme. Wiki iliyofuata kina mama walinichagua niingie kamati ya maji. Nimekubali, na sharti langu la kwanza limepita: hakuna mwanakamati atakayeamua jambo la bwawa akiwa amevaa viatu.