Maharage Yaliyobaki Sakafuni

Habari ya kifo chake niliipata kituo cha mabasi Kiwira, kwa mama mmoja anayeuza ndizi mbivu dirishani. Aliniuliza kama nakwenda msibani, nikamuuliza msiba gani, akashangaa kwamba mtu wa magazeti ndiye wa mwisho kujua. "Mwalimu wako wa kule milimani ametutoka," alisema. "Wanazika kesho." Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba sipendi safu za kusifu marehemu. Mtu akishafariki tunampa wema wote ambao akiwa hai tulimnyima, kisha tunakwenda kula ubwabwa. Lakini huyu niliwahi kufundisha chini yake kabla sijaingia kwenye kazi hii ya kalamu, na kuna siku moja ya maisha yake ambayo hadi leo sijaisahau. Nikinyamaza, watakuja wengine kuisimulia vibaya.

Mama huyu alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja wilayani Rungwe, juu kwenye chai na migomba, ambako mvua hainyeshi bali inaishi. Mwenyekiti wa kamati ya shule alikuwa baba mkwe wake. Kwa msomaji wa mbali neno hilo halina uzito, ila kwa Wanyakyusa wa rika lile mkamwana hakutani uso kwa uso na baba wa mumewe. Akimwona njiani anaingia migombani mpaka mzee apite. Hali naye chumba kimoja, hamtazami, hamjibu moja kwa moja. Mjini Tukuyu wengi walikwishaiacha mila hiyo, na makanisani waliinung'unikia, lakini mzee yule aliishika, na mwalimu naye aliishika kwa heshima ya nyumba iliyompokea. Kwa hiyo kamati ilipokutana darasani, mwalimu mkuu alikaa nje chini ya dirisha, amegeukia uwanjani, na msaidizi wake ndiye aliyepeleka maneno ndani na kuyarudisha. Tuliozoea hatukuona ajabu. Wake wa wana wa wazee wengine nao walikaa huko huko nje, kanga kichwani, kimya.

Hiyo ilikuwa miaka ya soko huria. Wanunuzi binafsi wa majani ya chai walikuwa wameanza kuingia, kila mmoja na gari lake na siku zake, na jani likichelewa kufika banda la kupimia likawa jeusi, linakataliwa. Wakati huo huo serikali ilikuwa imetuambia wananchi tuchangie shule zetu. Na madarasa yetu yalikuwa yanapwaya. Kuna siku nilifundisha darasa la tano nikisikia sauti yangu inanirudia ukutani. Kamati ilikaa, wazee wakazungumza, na jibu likapatikana upesi kama kawaida ya majibu ya mikutano: akina mama wa siku hizi ni wavivu, wanabakiza watoto nyumbani wawasaidie kazi. Ikaamuliwa kwamba mtoto mtoro achapwe mbele ya wenzake, na kila kaya ilete matofali ya darasa jipya. Darasa jipya, wakati yale ya zamani hayana wa kukaa. Mwalimu alilisikia azimio hilo akiwa chini ya dirisha, na niliona jinsi alivyokunja kanga yake magotini, akaikunjua, akaikunja tena.

Muda si mrefu akaja mtafiti kutoka chuo kimoja cha ualimu, kijana mpole mwenye viatu visivyofaa kwa tope letu. Hoja yake ilikuwa moja, kwamba shule ikitaka kujijua iwatume wanafunzi wenyewe wakaulize nyumbani kwao. Walimu wengine walicheka. Mwalimu mkuu hakucheka. Alichagua wanafunzi wa darasa la sita, akawafundisha kuuliza bila kugombeza, na akawatuma mahali ambako kamati haikuwahi kufika, yaani majikoni. Huko akina mama ambao mbele ya wakwe zao hawafungui mdomo waliongea wakimenya ndizi, kwa Kinyakyusa chao, mpaka watoto wakachelewa kurudi. Walichokusanya walikipanga sakafuni darasani. Njia zilichorwa kwa majivu, nyumba zikawa mawe, na kila mtoto aliyekosa shule siku ya gari la majani akawekewa harage moja pale alipokuwa kweli siku hiyo.

Nilikuwepo walipomaliza. Kwenye mawe, yaani nyumbani, maharage yalikuwa machache sana. Mengi yalilundikana kwenye mashamba makubwa ya chai, na lundo lililoyazidi yote lilikuwa kwenye shamba la mwenyekiti. Watoto hawakuwa wakisaidia mama zao. Walikuwa wanawahi gari katika mashamba ya watu wazito, na wazazi waliona aibu kumkatalia mzee. Mwalimu alisimama juu ya lile lundo. Nyumba aliyolala, migomba iliyowalisha wanawe na uwanja alioanikia nguo, vyote vilikuwa juu ya ardhi ya mzee huyo. Nilimshauri tuyasogeze maharage kidogo tu, tuyatawanye, ujumbe utafika bila kumwaibisha mtu. Akanitazama kwa upole ulioniudhi. "Ukiyasogeza," alisema, "hao watoto utakuwa umewapeleka wapi?"

Siku ya mkutano wa kamati mvua ilikatika, na hilo lenyewe lilinitia wasiwasi. Wazee walikaa kwenye madawati kuzunguka ramani, akina mama nje, mwalimu mkuu mahali pake chini ya dirisha. Binti mmoja wa darasa la sita alishika fimbo ya ubaoni akaanza kueleza. Alieleza vizuri mno. Alipofika kwenye lile lundo sauti ikapungua, lakini fimbo haikukosea mahali. Mwenyekiti aliinama, akatazama, na nikaona shingo yake inavimba taratibu.

"Nani kawafundisha kuhesabu mashamba ya watu?" aliuliza.

Akamwambia binti aondoe hayo maharage, aondoe sasa hivi, watu waendelee na habari ya matofali. Binti alipiga magoti. Mkono ulikwishafika sakafuni, nikajua kwamba akiokota la kwanza tu basi kijijini pale hakuna mtoto atakayeulizwa tena kitu. Nilitazama dirishani. Mwalimu hakuwepo. Nilidhani amekimbia, na Mungu anisamehe, nilimwelewa.

Aliingia kwa mlango. Alisimama mbele ya baba mkwe wake, umbali wa kufikishiana mkono, kanga imeshuka mabegani, akamtazama usoni. Wazee wawili waligeukia ukuta. Mzee mwenyewe alivuta kofia ikafunika macho.

"Usiondoe hata moja," alimwambia binti. Kisha akasema, "Baba, nisamehe. Hao ni watoto wangu wa shule. Nakuomba uniachie."

Mzee alitoka akipapasa mlango kwa sababu ya ile kofia. Karibu wanaume wote wakamfuata. Jioni hiyo mwalimu alirudi kwao na mabegi yake, maana ukoo wa mumewe ulikuwa umemkasirikia. Mumewe akawa anapita shuleni kama mtu aliyepoteza kitu asichoweza kukitaja. Tulikaa hivyo majuma mengi, hatujui kama atarudishwa kwake, hatujui kama atabaki shuleni, na ramani ikiwa bado sakafuni kwa kuwa kila mtu aliogopa kuifagia. Mwishowe wazee wa kwao walipeleka ng'ombe kuomba radhi kwa mila iliyovunjwa, na ng'ombe alipokelewa. Mwalimu akarudi nyumbani, akarudi pia kwenye kukwepana kama zamani, migombani mzee anapopita. Lakini siku ya gari la majani iliyofuata, madawati yalijaa watoto. Mzee alikuwa ametoa amri kwamba shambani kwake hakuna mtoto atakayechuma kabla ya kengele ya kutoka, na wakubwa wengine wakaona haya kubaki peke yao. Habari ya viboko na matofali ikafa bila mkutano wowote kuiua.

Sasa nasikia kila mahali kwamba wananchi na wanafunzi washirikishwe katika kuboresha shule. Nakubali. Ila nawaona wataalamu wetu wanavyoshirikisha: wanaita mkutano, wanahesabu waliohudhuria, wanaondoka na maoni ya waliokaa mbele. Walio chini ya dirisha wanaandikwa kwamba hawakuwa na la kusema. Na hata yule anayefika majikoni, mara nyingi akishapata jibu linalomgusa mkubwa hulilainisha, kama nilivyotaka kulilainisha mimi. Kuuliza kumekuwa kazi ya mtu yeyote mwenye kalamu na karatasi.

Jana tulimzika. Mvua ilikuwepo, bila shaka. Mzee yungali hai, anatembea kwa kushikwa. Watu walipopita kumuaga marehemu, tulitegemea kwamba yeye atabaki nje, kama mila inavyotaka. Aliomba aingizwe. Akavua kofia, akainama juu ya jeneza, akamtazama usoni, kwa muda mrefu kuliko sisi sote. "Ndaga, mwanangu," alisema, yaani asante, kisha akatolewa. Nimeandika safu hii kwa ajili ya neno hilo. Mwenye kutaka shule yetu ipone asianze na maswali yake. Ajiulize kwanza, siku jibu litakapofika na mkubwa akaamuru lifagiliwe, kama ataweza kuingia kwa mlango.