Robe Nyeupe kwenye Sufuria ya Chai

Chai kavu ikichemka sana kwenye sufuria, mimi hutoka jikoni.

Mwalimu, aliyezoea kula kwetu kila Jumapili, alisema darasa linaenda kuona vitu viwili: depo, ghala la chakula cha msaada kwenye barabara ya Kavumu, na watu wanaoshona nguo za filamu. Kwetu mtoto haendi kwa watu na tumbo tupu. Asubuhi mama alinishibisha bugali na sombe ya majani ya muhogo, akanipaka mafuta mpaka magoti yakang'aa, akanivika robe, gauni langu jeupe la komunyo.

Deponi, kando ya magunia ya unga, maman mmoja, mshonaji wa zile nguo za filamu, aliniita.

"Leta robe, mutoto. Nikuonyeshe namna nguo inazeekaka."

Akaitumbukiza kwenye chai nyeusi, akakwangua pindo kwa jiwe, akanivalisha ikiwa bado mbichi. Nilicheka, nikidhani ni mchezo. Akanipaka majivu magotini. Mwalimu akanisimamisha mbele ya kamera ya watu wa msaada.

"Usicheke. Uko na njaa."

"Hapana, mwalimu. Nimekula."

"Nyamaza. Legeza shingo."

Nyumbani mama alifua ile robe mpaka vidole vikachubuka, chai haikutoka.

"Haukuwaambia kama ulikula?"

"Nilimwambia mwalimu."

Jumapili mwalimu alikuja kama kawaida. Mama akampakulia, akanituma nimmwagie maji mikononi.

"Aksanti, binti," akasema, akivuta sahani. "Kwa maman yako chakula haikosekanake."