Kompyuta Iliyonunuliwa Chini ya Shuka

Mke wangu alisema "nime", kisha akanyamaza. Akasema "mbuzi wa", akanyamaza tena. Halafu akacheka nusu ya kicheko, na ile nusu ya pili haikuja.

Nilikuwa nimekaa sakafuni baada ya sala ya alasiri, mbele ya sanduku la kijivu la kompyuta. Kando yangu redio ya kaseti ilikuwa imetapika utepe wote wa kanda, umejikunjakunja kama matumbo ya kuku. Kanda ilikuwa imekwisha. Haikubaki sauti yake mahali pengine popote duniani isipokuwa ndani ya lile sanduku, na lile sanduku lilikuwa limeitoboatoboa. Kila baada ya maneno machache palikuwa na shimo. Nilibonyeza tena, mashimo yakabaki palepale. Nje jua la Garissa lilikuwa limelegea, vumbi jekundu limesimama hewani bila kuanguka, na mimi nikawa nasogeza sikio karibu na spika, karibu zaidi, kana kwamba yale maneno yalikuwa ndani ya shimo, yameinama tu.

Huyo mke alikuwa tayari kaburini. Siku ile akafa mara ya pili, na mara hii hapakuwa na bunduki. Waliomuua ni watu wawili walioficha mikono yao chini ya shuka. Wa kwanza ni mwenye duka la vyombo vya umeme, lile lililotazamana na lango la soko la mifugo. Wa pili ni shemeji yangu, ndugu wa marehemu, baba mmoja mama mmoja. Majina yao siandiki. Wakisoma watajijua, na majirani watawajua.

Sisi watu wa huku hatukuwa watu wa barua. Mimi mwenyewe shule niliiacha mapema, kalamu hainijui sana. Mtu akitaka kumsalimu mwenzake aliye mbali, anakaa na redio ya kaseti, anabonyeza kitufe chekundu, anasema. Kanda inafungwa kwenye kitambaa, inapewa dereva wa lori, na baada ya siku kadhaa unaletewa mtu wako kwenye kiganja. Mke wangu alikuwa kwao Elwak, mimi nikitafuta riziki Garissa. Akaniletea kanda. Alianza kwa bismillahi, akasema hii ni sauti yangu, kama umenisahau nisikilize vizuri. Nyuma yake mbuzi wanalia na mtu anatwanga. Akaniambia mvua imenyesha, ngamia wana maziwa, akaniimbia ule wimbo wa kuwanyweshea ngamia kisimani, kisha akaukosea katikati, akacheka.

Nikaenda kumchukua. Tuliporudi, lori letu lilisimamishwa na majambazi porini. Mimi nilitoka na risasi begani, ipo mpaka leo, wakati wa baridi inanong'ona. Yeye hakutoka. Hayo sisemi zaidi, waliofanya hayo Mungu anawajua na mimi siwajui. Ninaowajua ndio ninaowaandika hapa.

Kanda nikawa naisikiliza. Mchana, watu wakilala kwa joto, na mji umenyamaza hata unasikia mabati yakitanuka, ninaiweka. Anakuja. Nilikuwa nafumba macho na chumba kinageuka Elwak, mlango unageuka mdomo wa kisima, na mimi sina jeraha. Lakini kanda ni kitu cha plastiki na joto letu mnalijua. Ikaanza kuvutika. Sauti yake ikawa nzito, ikawa ya mwanamke mzee, mwanamke ambaye hakupata nafasi ya kuwa. Mwaka ule baada ya mafuriko makubwa, fundi wa redio wa mtaani kwetu aliifungua, akaitazama kwenye mwanga, akatikisa kichwa.

"Hii ina safari moja tu iliyobaki," akasema. "Usiicheze tena. Tafuta kompyuta, umwingize humo. Akiingia humo hazeeki."

"Kompyuta gani?"

"Angalia ubongo wake. Kuna kitu ndani kinaitwa prosesa. Ziko za kati na ziko za juu. Kama ni kuandika barua, ya kati inakutosha na inabaki. Lakini sauti ni mto, adeer, mzee wangu, haikungoji ujaze ndoo. Kompyuta inaisikiliza na inaikunja papo hapo ili iingie mahali padogo. Ubongo wa kati utachoka, na wakati unapumua, maneno yanapita. Yakipita yamepita. Chukua ya juu."

Kisha fundi akaitwa Wajir kutengeneza redio za mawasiliano, akaenda. Nami nikauza ngamia jike wangu wa mwisho. Sikulia. Nilimwambia ngamia, nenda, unamnunua bibi yako.

Sasa mnijue shemeji. Kazi yake ni udalali sokoni, ndevu zenye hina, shuka begani, maneno mengi. Pale soko la mifugo bei haitajwi kwa mdomo. Dalali na mwenye mnyama wanafunika mikono kwa shuka, wanashikana vidole, kidole hiki kina maana yake na kile kina maana yake, wanabanana, wanaachana, wanabanana tena, na walio kando wanaona shuka likitikisika tu. Ni desturi nzuri. Inaficha siri ya mnunuzi na inazuia wenye kijicho. Mimi nilikwenda naye dukani kwa sababu ni ndugu wa marehemu, nikadhani sauti ile ni yake pia.

Njiani nilimwambia, "Seddi, shemeji yangu, mimi nataka ya juu."

"Brosesa," akasema yeye, akijionyesha kuwa anajua.

"Hiyo hiyo. Ya juu."

"Walahi wewe una haraka kama mbuzi aliyeona chumvi. Na ukifika huko usifungue mdomo. Muuzaji akijua unachotaka umekwisha. Niachie mimi."

Duka lilikuwa limejaa watu, kama maduka yote yenye feni. Wengine hawakununua kitu tangu feni ile ifungwe. Kompyuta mbili zilikuwa mezani, pande mbili za meza, sanduku la kijivu na sanduku la kijivu. Walahi hata mapacha wana tofauti. Niliziangalia kwa muda mrefu. Feni iligeuka, karatasi zikapepea ukutani, na kwa muda nikaona kama zote mbili zinapumua, moja ina mke wangu na nyingine haina, na sikujua ni ipi.

"Ipi ni ya juu?" nikauliza. Ndiyo, nilifungua mdomo. Watu wote mle walisikia.

Mwenye duka akatabasamu. "Walaal, ndugu yangu, zote ni nzuri. Inategemea kazi."

"Ni ya kuweka sauti. Sauti ya mtu."

"Sauti!" Mtu mmoja chini ya feni akacheka. "Na ikiuliza chakula utaipa?"

Shemeji akanikanyaga mguu. "Nyamaza, seddi. Wakijua unanunua kitu hiki wataanza kukuazima mpaka ndala." Akavua shuka begani, akalirusha juu ya mkono wake na mkono wa mwenye duka. Wakaanza. Shuka likatikisika, likatulia, likatikisika. Mwenye duka alikuwa anaangalia dari. Shemeji alikuwa ananitazama mimi.

Kisha akaja kwangu na shuka lake, akanifunika mkono, akanishika kidole. Akakibana mara moja, kwa nguvu, akanyanyua nyusi: unakubali?

Alishika kidole kirefu. Kile kinachovipita vyote. Vidole vikisimama, hicho ndicho kiko juu. Nami nikambana, maana yake nimekubali, nikatoa fedha za ngamia. Sanduku la upande wa kulia likabebwa na mkokoteni mpaka kwangu, na mimi nyuma yake natembea polepole kama mtu anayesindikiza bibi harusi.

Mwenye duka mwenyewe ndiye alikuja kuunganisha nyaya. Akanionyesha pa kubonyeza, alama nyekundu, kama kwenye redio. Nikamwuliza, "Hii haitakula maneno?" Akasema, "Insha'Allah." Akanywa chai yangu, akaenda. Kila ilipowashwa, ile kompyuta iliandika jina la ubongo wake kwa herufi nyeupe kwenye giza, juu kabisa, kisha jina linafutika. Ilikuwa inasema ukweli. Mimi Kizungu sisomi. Mwenye duka anasoma, na ilipoandika alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe mkononi.

Joto lilikuwa linaongezeka na fundi hakuwa amerudi. Kanda ingekaa siku ngapi? Nikasema bismillahi, nikabonyeza. Mke wangu akaongea kutoka redioni, mzima, kwa mara ya mwisho, na mimi nilikaa nikilia kwa furaha kwa sababu niliamini anahama tu nyumba. Mwisho wa wimbo, pale anapocheka, redio ikamshika utepe ikamtafuna. Nikasema si kitu. Nikafuta uso. Nikageukia kompyuta, nikabonyeza, na akasema "nime".

Fundi aliporudi kutoka Wajir aliiwasha, akasoma yale maandishi meupe, akaizima.

"Nani alikuchagulia?"

"Kwa nini?"

"Hii ni ya kati, adeer."

Nilimkuta shemeji sokoni. Nikamshika shuka kifuani.

"Ulinishika kidole gani?"

"Wewe kichwa kinakuuma? Kidole cha kati."

"Ulinishika kirefu!"

"Ndiyo, cha kati. Hesabu mkono wako. Viwili huku, viwili huku, hicho kipo wapi? Kati ni kati, seddi. Ningetaka ya juu ningekushika dole gumba, linakaa peke yake kama mkubwa."

"Kidole kirefu ndicho kilicho juu!"

"Kwa kipimo cha nani? Wewe unauza nini sokoni hapa?"

Watu walicheka. Walijaribu, wao kwa wao, wakainua mikono na kuigeuza, huyu anasema kati, huyu anasema juu, na wale ng'ombe nao wanaangalia. Ilikuwa mchezo. Mikono mingi imeinuliwa kwenye vumbi, na mimi nimesimama chini yake kama mtu aliye ndani ya maji.

Nikapeleka kesi kwa wazee. Walikunywa chai, wakasikiliza. Wakasema jambo lililopita chini ya shuka halina shahidi, na lisilo na shahidi halihukumiwi, na kama tutaanza kufunua shuka, soko lote litavunjika. Wakanipa pole. Mwenye duka akasema alimuuzia dalali na dalali ndiye aliyechagua. Dalali akasema alimwambia mnunuzi na mnunuzi alikubali. Kila mmoja akanawa mikono kwa mwenzake, na mimi nikarudi nyumbani kwa mwanamke mwenye mashimo.

Bado yumo. Nimejifunza kuyapita mashimo kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Mchana, mji ukilala, ninakaa naye, na mahali palipo na shimo upepo unaingia, nasikia mbuzi, nasikia mtu anatwanga, na ninajaza neno mwenyewe kwa mdomo wangu. Lakini sauti ninayosikia hapo ni yangu. Na siku hizi, naogopa kusema, hata kichwani anazungumza hivyo, amekatikakatika.

Wazee walihukumu mkono wangu na mkono wa shemeji. Mkono wa kwanza hawakuuuliza. Kabla hujanijia mimi, seddi, ulikuwa umeshikana na mwenye duka, na shuka lilitikisika sana. Nyinyi wawili ni watu wa soko, vidole vyenu vinaelewana, hapakuwa na kosa la lugha kati yenu. Nilikuwa nimekwisha kusema kwa sauti, mbele ya wote waliokaa chini ya feni, kwamba nataka ya juu na kwamba ni ya sauti ya mtu. Basi mle ndani mlikubaliana ipi, na kwa bei ya ipi? Nani alibana kwanza? Wewe mwenye duka ulisoma yale maandishi meupe ukiwa na chai yangu mdomoni, ukanyamaza kwa nini? Na wewe uliyenyonya ziwa moja na marehemu, ulijua?

Najua mnasikia. Njooni mjibu kwa midomo, mchana, mbele ya watu, na mikono yenu muiweke juu ya meza niione.